“Nikienda Newcastle, nani atamtafsiria Mama?”

Jambo Mama Mshauri,

Nina miaka 18. Naishi Sheffield, mtaa wa Burngreave, na mama yangu na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 15. Mimi nilizaliwa Uvira, Kongo, mdogo wangu alizaliwa kambini Nakivale, Uganda. Mwaka 2015 tuliletwa Uingereza kwa mpango wa Gateway, ule uliokuwa unatoa wakimbizi makambini. Baba alikuwa ameshafariki. Mama anajua Kifuliiru, Kiswahili chetu cha Uvira na Kifaransa kidogo. Kiingereza kimemkataa. Ameanza madarasa mara tatu, lakini anasafisha ofisi usiku, na asubuhi akikaa tu kwenye kiti cha darasani, usingizi unamchukua.

Mwaka huu niliomba kusomea udaktari. Unaruhusiwa kuomba vyuo vinne tu vya udaktari, na nafasi ya tano unaweka kozi nyingine. Mimi niliweka unesi pale Sheffield Hallam, kwa sababu Mama Mchungaji alinisisitiza sana. Vyuo viwili vilinikataa. Chuo Kikuu cha Sheffield kimenikubali, Newcastle kimenikubali, Hallam pia, wote kwa masharti ya matokeo ya A-level. Mwanzoni mwa Juni lazima nijibu.

Kila mtu anaona jibu liko wazi. Sheffield ni hapa hapa. Napanda basi mpaka mjini, halafu napanda mlima, nimefika. Kanisani wameshatoa shukrani, na Mama amenunua kitenge cha siku ya kumaliza, wakati hata kuanza sijaanza.

Tatizo ni kwamba mwezi wa tatu nilikwenda kuangalia chuo cha Newcastle. Nilikwenda peke yangu, zaidi ya saa mbili kwenye treni. Simu iliita mara moja tu, mtandao ukakatika. Nilinunua chipsi nikazila nimesimama kwenye daraja juu ya mto Tyne, upepo unanipiga, nikazimaliza zote. Sijui kwa nini nakuandikia habari za chipsi. Ila ilikuwa mchana mzima ambao sikumtafsiria mtu yeyote chochote.

Mimi ndiye natafsiri tangu nikiwa na miaka tisa. Barua za nyumba, shule ya mdogo wangu, benki, daktari wa mtaa, hospitali. Mama akinitambulisha kwa watu anasema: “Huyu mtoto ni kinywa yangu.” Mara moja hospitali walileta mkalimani wa kwenye simu. Ilikuwa sauti ya mama mmoja, nafikiri wa Zanzibar, Kiswahili chake kizuri sana. Tulipotoka Mama akasema: “Ule mama wa ku simu anasema Kiswahili ya redio. Mi sikusikia kitu.” Tangu hapo anakataa, anataka mimi.

Mama ana sukari, na sukari imeingia kwenye figo. Miaka mitatu iliyopita, kwenye kliniki ya hospitali moja hapa, daktari alitugeuzia kompyuta akatuonyesha mstari unaoshuka. Alisema figo zake zinafanya kazi kama asilimia 30. Mama akanigeukia: “Anasema nini?” Nilikuwa na miaka 15. Nikasema: “Anasema figo zimechoka kidogo, upunguze chumvi, unywe dawa.” Daktari aliniangalia, maana yeye alikuwa amesema maneno mengi na mimi nimesema machache. Akauliza kama Mama ameelewa. Nikajibu ndiyo, ameelewa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ilikuwa asilimia 19. Daktari akasema ni wakati wa kuanza kujiandaa kwa mashine ya kusafisha damu, akatupa kijitabu. Nilimwambia Mama wataendelea kumfuatilia kwa karibu. Kijitabu kiko chini ya godoro langu.

Nikienda Newcastle, watamletea mkalimani mwingine. Mdogo wangu hawezi, Kiswahili anakielewa lakini akijibu anajibu Kiingereza. Tena siku hizi ana kazi nyingi jikoni, Mama amemwanzishia kupika bugali (ugali) na sombe (majani ya muhogo) kila Jumamosi na hataki nimsaidie.

Nikibaki, nahisi nitakuwa daktari ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yake. Nikienda, namwacha mtu mgonjwa bila kinywa. Mama Mchungaji anasema nichukue unesi, miaka mitatu, nianze kusaidia nyumbani. Nifanye nini?

Kinywa, Sheffield

*

Karibu, binti yangu Kinywa.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kama barua ya chuo. Mara ya pili nikaiona ni barua ya kijitabu kilicho chini ya godoro. Umeniuliza Sheffield au Newcastle, na hilo nitakujibu kadiri ninavyojua, kwa sababu ni swali la kweli na lina tarehe. Lakini kuna sentensi moja uliiandika ukaipita mbio: “Nikienda Newcastle, watamletea mkalimani mwingine.” Mtu mwingine angeisoma kama huruma kwa Mama. Mimi nimeisoma na hofu ndani yake, kwamba mkalimani mwingine atatafsiri maneno yote.

Kabla hatujafika huko, nikuambie kwanza kwamba sikulaumu. Nilifanya unesi Uingereza miaka mingi, nimesimama upande wa pili wa kile kitanda. Nimewaona watoto wa Kisomali, wa Kireno, wa Kibengali, sare za shule bado mwilini, wakipewa sentensi ambazo hata sisi watu wazima tulikuwa tunagawana nani aende kuzisema. Mtoto wa miaka 15 anaambiwa amwambie mama yake kwamba figo zake zinakufa. Ulichofanya, ulifanya kama mtoto anayempenda mama yake. Aliyekosea ni mkubwa aliyekuuliza “ameelewa?” akaridhika na jibu lako. Mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, wa mwaka 2018 kwa huduma za msingi unasisitiza mgonjwa apewe mkalimani wa kazi hiyo, hauwataki ndugu, watoto ndiyo kabisa, na mgonjwa halipi hata senti. Ile kazi haikuwa yako. Uliibeba kwa sababu ulikuwepo.

Sasa nikuulize. Una uhakika gani kwamba Mama hajui?

Ninavyowajua akina mama wa kutoka upande wenu, mtoto wa kiume wa miaka 15 hasongi bugali wakati dada yake yupo nyumbani. Wewe umeandika kwamba Mama anamfundisha kila Jumamosi, na hataki umsaidie. Inawezekana anataka tu kijana wake asihangaike huko mbele. Inawezekana anakuandalia wewe njia ya kuondoka. Inawezekana pia mwili wake umemwambia mambo ambayo wewe hukumwambia. Mtu ambaye figo zake zimefika asilimia 19 anaweza kuuhisi uchovu huo, na Mama aliona jinsi daktari alivyokuangalia siku ile. Alisikia maneno mengi yakiingia kwako na machache yakitoka. Haelewi Kiingereza, lakini kuhesabu anajua. Naweza kuwa nimekosea. Nakuomba tu usiishi kana kwamba jambo hili limethibitishwa.

Kwenye chuo, kuna neno “kubaki” ambalo umelitumia kana kwamba lina maana moja.

Ukisoma udaktari Sheffield, miaka ya mwanzo kweli utakuwa pale Beech Hill Road, ubavuni mwa hospitali ya Royal Hallamshire, na jioni utarudi Burngreave. Baadaye watakupeleka kwenye mazoezi ya hospitali: Rotherham, Barnsley, Doncaster, Chesterfield. Utaamka alfajiri, au utalala huko huko. Kliniki ya Mama ikiangukia Jumanne saa nne asubuhi, wewe utakuwa kwenye wodi ya mji mwingine na saini ya mahudhurio inakungoja. Ukimaliza miaka mitano kuna miwili ya mafunzo ya kazi, na huko daktari mpya hajichagulii mji. Anaandika mapendeleo yake, kisha mfumo wa nchi nzima unampanga. Unaweza kusomea Sheffield ukapangiwa kwingine kabisa, na unaweza kusomea Newcastle ukarudishwa Yorkshire Kusini. Kwa hiyo chaguo lolote la udaktari litakutoa kwenye kile kiti cha kliniki. Newcastle itakutoa Septemba, Sheffield itakutoa polepole, na polepole ina hatari yake, kwa sababu hakuna siku ambayo mtu atalazimika kupanga nani akae badala yako. Utaanza kukosa vipindi. Nimeona wanafunzi wakianguka mwaka wa pili kwa namna hiyo, watu wenye akili kabisa.

Sheffield ina sifa zake, usiione kama chuo cha waliokosa pa kwenda. Shule yake ya udaktari ni ya 1828, ina umri mkubwa kuliko chuo chenyewe. Chuo kilipata hati yake 1905, na sehemu ya fedha zake ilichangwa na wafanyakazi wa viwanda vya chuma na wachimba makaa, senti moja moja. Watu wa aina hiyo waliishi kwenye vilima vyenu hivyo hivyo vya Burngreave. Ukipita mlangoni usipite kama mgeni uliyefanyiwa hisani. Na ni katika mji huo ambapo daktari Cecil Paine, mwaka 1930, alitibu macho ya watoto wachanga kwa maji ya ukungu wa penisilini, miaka mingi kabla dunia haijajua dawa hiyo, kisha hakuchapisha popote. Nikikumbuka habari hiyo huwa nakaa nikimfikiria yule bwana, amejua jambo kubwa, amekaa nalo.

Kuna njia ambayo hukuitaja: kusoma Sheffield bila kulala nyumbani. Kupanga chumba Broomhill au Crookes, ng’ambo ya mji, uwe mgeni wa Jumapili. Itakuuma na itawashangaza watu wa kanisani (“mama yupo Burngreave, wewe unalipa kodi ya nini?”). Tena hatari yake ni kwamba ukiwa basi mbili tu mbali, simu ya saa tano usiku kuhusu barua ya benki utaiitikia kwa miguu. Lakini kuna watu ambao umbali wa vilima viwili umewatosha.

Fedha nitazipitia haraka. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 mkopo wa kujikimu wa juu kabisa kwa mwanafunzi anayekaa na mzazi ni pauni 8,877, na kwa anayekaa nje ya nyumbani, mbali na London, ni pauni 10,544. Kipato cha Mama kikiwa kidogo, utasogea kwenye kiwango hicho cha juu. Ada inakopeshwa popote uendapo, na kuanzia mwaka wa tano NHS inaibeba ada ya wanafunzi wa udaktari. Ile tofauti ya pauni haitoshi kodi ya Newcastle peke yake, ila vyuo vyote viwili vina ruzuku kwa wanaotoka nyumba zenye kipato kidogo. Waandikie uwaulize, na uwaambie waziwazi kwamba nyumbani unamtunza mgonjwa. Hilo lina uzito kwao kuliko unavyodhani.

Mama Mchungaji ana hoja. Unesi ni miaka mitatu, na wanafunzi wake wanapewa na NHS pauni 5,000 kwa mwaka zisizorudishwa. Mimi sitasema neno baya juu ya unesi, umenilisha na umenijengea nyumba. Lakini nimeisoma barua yako nikitafuta mstari mmoja ambapo unautamani. Umeuweka kama malipo ya deni. Wodi zinamjua upesi mtu aliyekuja kulipa deni, naye anazichoka upesi. Kama kweli unautamani na hukuandika tu, basi nimekusoma vibaya. Kwenye fomu, Hallam inaweza kubaki chaguo lako la akiba, nyuma ya udaktari, na hilo halimvunjii mtu heshima.

Unaweza pia kuomba kuahirisha mwaka mmoja. Vyuo vingine vinakubali, vingine vinakataa, na ni lazima uulize kabla hujajibu. Mwaka huo ungeweza kuwa wa kumweka Mama sawa. Ungeweza pia kuwa mwaka wa kuwa Kinywa kuanzia asubuhi hadi usiku, na Septemba inayofuata kuondoka kukawa kugumu maradufu. Unajijua kuliko ninavyokujua.

Turudi chini ya godoro.

Hili halingoji Juni, na hapa nazungumza kama nesi zaidi kuliko mshauri. Matayarisho ya kusafisha damu yanachukua miezi. Mshipa wa mkono hutengenezwa kwa upasuaji na hupewa muda wa kukomaa. Kuna watu ambao hufanyiwa nyumbani kupitia tumboni, kuna mazungumzo ya kupandikizwa figo, na yote hayo ni Mama wa kuyachagua. Asipojua, atafika siku moja kwa ambulensi na kuchaguliwa. Najua hukulifikiria hivyo ulipokificha kile kijitabu.

Namna ya kulisema ni yako, na kila namna ina bei yake. Unaweza kumwambia mwenyewe, jikoni, kwa Kiswahili chenu. Atalisikia kutoka kwenye mdomo anaouamini, lakini ataweza pia kukugeuzia uso siku kadhaa, na maswali atakayouliza hutakuwa na majibu yake. Unaweza kumpigia simu nesi wa kliniki ya figo kabla ya miadi, umweleze kilichotokea, umwombe mkalimani aje ana kwa ana na muda mrefu kuliko kawaida. Mwambie neno hili hasa: mkalimani wa Kiswahili cha Kongo. Wapo. Yule mama wa Zanzibar hakuwa na kosa, ila kumpa mtu wa Uvira Kiswahili cha pwani kwenye simu inayokwaruza, juu ya habari za figo, ni kama kumpa viatu vya mtu mwingine apande navyo mlima. Akija mtu wanayesikilizana, hata kule kukataa kwake kunaweza kulegea. Wewe ukae pembeni yake, umshike mkono, usitafsiri hata neno moja. Hatari hapo ni kwamba atakugeukia mbele ya watu na kukuuliza kama ulijua.

Wengine huchanganya: wanasema kidogo nyumbani jioni ya kabla, “Mama, kesho kuna maneno ambayo sikukuambia yote, niliogopa,” kisha kliniki inabeba mengine. Mama Mchungaji anaweza kuwepo, kama ni mtu wa kutunza siri. Hilo nakuachia wewe, mimi simjui.

Na mdogo wako. Miaka yake ni ile ile uliyokuwa nayo siku ya ule mstari unaoshuka. Ukiondoka, mtu anaweza kumkalisha kwenye kile kiti kwa sababu tu yupo. Zungumza na shule yake, na shirika la Sheffield Young Carers wanashughulika na watoto kama yeye. Bugali asonge tu, haidhuru.

Huenda Mama akishajua atakuambia nenda. Huenda ataomba ubaki mwaka mmoja, nawe utataka kubaki, na kutakuwa ni kubaki kwa namna nyingine. Huenda pia mtagombana. Ulikula chipsi zako zote pale darajani na umeona haja ya kuniandikia, kwa hiyo usizifute kwenye hesabu. Lakini sijui kama ulichokifurahia ni Newcastle, au ni mchana mmoja bila ile siri. Nadhani hata wewe utajua vizuri zaidi ukishaitua.

Umenitajia tarehe ya kujibu vyuo, umenitajia hata Jumamosi za sombe. Tarehe ya kliniki ijayo ya Mama hukuiandika. Ni lini?